Mwisho Alioukataa Albina

Watu wakiniambia Albina ana kiburi, huwa nawauliza swali moja tu: wewe umeshawahi kupewa thelathini na nane kwa mia kwa sababu ya kusimulia mvua iliyokunyeshea mwenyewe? Hujawahi? Basi nyamaza. Mimi nilikuwepo, tena sehemu ya makosa ni yangu, kwa hiyo niacheni niseme.

Naitwa Mwalimu Marselina. Ni Mmakua wa Masasi, nililetwa kufundisha Nandagala mwaka 1975, wakati huo Ruangwa yote bado iko chini ya wilaya ya Nachingwea. Asubuhi nilifundisha watoto, alasiri nilifundisha mama zao na bibi zao katika darasa la kisomo. Hasira nilikuja nazo kutoka kwetu, msidhani nilizipata huku. Albina nilimkuta jikoni pale shuleni. Alikuwa mpishi wa uji, Mmwera, mrefu, asiyecheka ovyo, na kwa kuwa mtoto wake mkubwa ni Dorotea, wote tulimwita mama Dorotea. Siku yake ya kwanza darasani aliishika kalamu kwa ngumi kama anashika mwiko, na herufi ya kwanza ilitoboa karatasi. Nikajisemea moyoni, huyu hafiki Krismasi.

Thubutu! Alifika, akapita, na miaka miwili baadaye alifaulu mtihani wa kisomo hatua ya nne, ya juu kabisa. Wenzake wengi waliishia hapo, wakaridhika kwamba sasa wanaweza kumwandikia barua mtoto aliyeko Mtwara. Albina hakuishia hapo. Aliandika nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani, akaandika kwenye karatasi za mifuko ya unga, akaandika uji unachemka na mkono mwingine unakoroga. Siku moja nikamuuliza, "Mama Dorotea, unaandika nini humo?"

"Naandika yaliyotokea."

"Unamwandikia nani?"

"Atakayesoma," akasema, akanigeuzia mgongo, uji ulikuwa unataka kumwagika.

Sasa lazima nieleze habari ya kundi letu, maana bila hilo hamtaelewa kitu. Mwaka 1980 mwalimu mkuu wa shule moja mjini Nachingwea, anaitwa Modestus, alibandika tangazo ukutani posta: wapenzi wa kuandika hadithi wajitokeze, wasomeane na wakosoane. Tukajitokeza wanne. Dastani, mganga msaidizi wa zahanati ya Mkotokuyana. Amiri, karani wa ghala la mazao pale Ruangwa. Bwana mmoja Mbaruku wa ushirika. Na mimi. Hatukuwa na uwezo wa kukutana, mafuta ya magari yalikuwa ya kutafuta kwa tochi. Kwa hiyo tulikutana ndani ya daftari.

Lilikuwa daftari moja kubwa, lile la kaunta lenye jalada gumu. Mwenye zamu aliandika hadithi yake kwenye kurasa za kulia. Kurasa za kushoto zilikuwa zetu sisi wakosoaji. Modestus alilifunga kwenye mfuko wa nailoni, akampa dereva wa lori, likaenda Mkotokuyana, likatoka huko likaja Ruangwa, likafika kwangu Nandagala, likarudi Nachingwea. Kiangazi mzunguko mmoja ulichukua wiki sita. Masika, Mungu tu ndiye aliyejua. Na katika miaka miwili hakuna aliyekuwa amemwona mwenzake uso kwa uso. Amiri nilimjua kwa mwandiko wake uliolala upande. Dastani nilimjua kwa harufu ya spiriti kwenye karatasi. Modestus nilimjua kwa wino mwekundu.

Sheria zilikuwa mbili, zote za Modestus, aliyekuwa mwenyekiti wetu. Ya kwanza, anayekosolewa hajibu neno mpaka daftari limalize mzunguko. Ya pili ni aibu yetu sisi walimu, maana wawili kati yetu tulikuwa walimu na wengine tuliwaambukiza: kila hadithi ilipewa alama kwa mia. Eti alama! Mtu mzima kakaa na taa ya chemli anasimulia msiba wa babake, sisi tunampa hamsini na mbili.

Mwaka 1982 Mbaruku akahamishiwa Tunduru. Nafasi ikabaki wazi, na mimi nikamleta Albina. Modestus hakukataa, alitaka tu mwanachama mpya aandike ukurasa mmoja wa kujieleza kama tulivyofanya sisi wote: jina, kazi, kabila, kijiji. Albina aliandika, "Mimi ni Albina, mpishi wa shule, Mmwera, Nandagala." Ukurasa wenyewe ukabaki mweupe chini yake. Halafu akasoma tulivyojieleza sisi, na alipofika kwa Modestus aliona imeandikwa Mngoni wa Songea. Nakumbuka alitabasamu. Sikulitilia maanani tabasamu hilo, na ningelitilia maanani tungeepuka mengi.

Wakati huohuo Modestus alituletea habari njema. Alikuwa ameahidiwa stensili na karatasi. Hadithi nne bora za daftari letu zingechapwa, zikarudufiwa ziwe kijitabu cha nakala mia mbili, na kusambazwa katika maktaba za vijiji wilaya nzima kwa ajili ya wanakisomo. Tulifurahi kama watoto. Lakini Albina hakufurahi tu, alikaza macho. Maktaba yetu ya Nandagala ilikuwa kabati moja ndani ya darasa langu, na humo vitabu vilihusu kilimo cha pamba, kuchimba choo na lishe ya mtoto. Kimoja kilisimulia watu waliohamia kijiji kipya wakiimba njia nzima. Kile alikisoma mara tatu akakirudisha.

"Mwalimu," aliniambia, "mimi nilihamishwa. Sikuimba."

Ndipo akaandika hadithi yake. Ilikuwa ya mwanamke wa mabondeni upande wa Namungo, aliyeambiwa siku ya operesheni ya kuhamishia watu vijiji vipya abebe anachoweza, lori linaondoka. Mwanamke akang'oa mlango. Mlango wa mninga, mumewe aliuchonga mwenyewe, na hakuona sababu ya kuuacha. Akapakia mlango na watoto, akafika alikopelekwa, na pale alikopelekwa hapakuwa na nyumba. Palikuwa na vigingi. Mvua ikaanza. Akaulaza mlango chini, akawalaza watoto juu yake, yeye akakaa pembeni kwenye tope, na hivyo ndivyo walivyolala mpaka nyumba ilipoezekwa, miezi miwili na siku kadhaa. Hadithi iliishia hapo. Haikuwa na mtu wa kuja kuwaokoa, wala hotuba. Sentensi ya mwisho ilisema: "Hapakuwa na nyumba, palikuwa na mlango, na mvua haikupiga hodi."

Mnajua mimi niliandika nini kwenye ukurasa wa kushoto? Niliandika: "Nzuri, ila mwisho unasikitisha mno, labda mwandishi aufikirie tena." Nikampa arobaini na tano. Mimi, niliyemfundisha kushika kalamu! Mpaka leo nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Daftari likaenda Nachingwea, likazunguka tena, na liliporudi Nandagala Modestus alikuwa amepita na wino wake. Alikuwa ameandika: "Mwandishi huyu anapika hadithi kama anavyopika uji: maji mengi, unga hakuna. Mwisho hauna matumaini. 38/100." Nililisoma pale penye lori na damu ikanipanda. Nikafikiri, nimpe vipi? Nikampa tu, nikakaa tayari kumbembeleza.

Albina akasoma. Akasoma tena. Halafu akaanza kucheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, akashika mbavu, akaegemea ukuta wa jiko.

"Kumbe yuko vizuri huyu!" akasema. "Nilidhani ni mtu wa wino tu. Kumbe mtani wangu!"

Kwa asiyejua mambo ya huku kusini, Mmwera na Mngoni ni watani. Mababu walipigana, yakaisha, na yalipoisha ukabaki utani: Mngoni anamtukana Mmwera, Mmwera anamtukana Mngoni, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Ukifiwa, mtani anakuja kukuchekesha msibani, anaweza hata kuingia kaburini akalala humo, na maiti haishuki mpaka apewe chochote. Na ukitaniwa ukakaa kimya, umeshindwa, utaimbwa. Albina aliona Mngoni mzima kamwambia uji wake hauna unga. Nani mwingine angethubutu? Basi akaona ni wajibu wake kujibu, tena zaidi. Sheria ya kunyamaza hakuivunja kwa ubishi, kwake yeye haikuhusu. Alijibu kwa penseli, chini kabisa ya wino mwekundu, akalifunga daftari na kumpa dereva kabla mimi sijatoka darasani.

Aliandika hivi: "We Mngoni, babu zako walikuja Umwera na mikuki wakitafuta ng'ombe, wakakuta hatufugi, wakabaki kuomba uji. Huohuo mwembamba ndio uliowakuza mpaka wewe ukapata ukuu wa shule. Faini yako kuku mmoja. Usipoleta, siku ukifa nitalala kaburini mwako, na hutazikwa mpaka nipewe mbuzi."

Lo! Kosa ni kwamba Modestus, ingawa baba yake ni Mngoni kwelikweli, alilelewa mabweni ya mapadri tangu ana miaka saba. Utani aliujua kwa kuusikia. Yeye alipotoa ile kauli ya uji alidhani anakosoa kwa ufasaha. Alipofungua daftari akakuta mpishi anamtakia kaburi, akavimba. Na kilichomchoma zaidi ni kwamba safari hiyo lori lilirudia Mkotokuyana, na Dastani naye alikuwa ameshalipitia daftari na kuandika pembeni, "Ha! Mwenyekiti, leo umepatikana." Kweli mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Barua ilikuja kwa chapa ya tapureta. Ndugu Albina amemtukana Mwenyekiti na kumtakia kifo. Ndugu Albina aombe radhi kwa maandishi. Ndugu Albina abadilishe mwisho wa hadithi yake kama Mwenyekiti alivyoelekeza. La sivyo, hadithi haitaingia kijitabuni. Na kwa sababu ya uzito wa jambo, wanachama wote tufike Nachingwea Jumamosi ya tatu ya mwezi wa saba.

"Nimemkosea nini?" Albina aliniuliza, na kwa mara ya kwanza nilimwona ameumia. "Yeye kanitania, mimi nimemtania. Au kwao hawana watani?"

"Omba tu radhi, mama Dorotea," nikamwambia. "Neno moja, hadithi yako ichapwe."

Alinitazama hivi, kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyekuwa na tatizo. "Twende Nachingwea," akasema.

Tulikwenda juu ya magunia ya mihogo mikavu, tukafika tumepauka vumbi mpaka kope. Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na wanaume watatu, na hapo ndipo tulipoonana kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote ile. Amiri, niliyemdhania kijana mwembamba kwa ule mwandiko wake wa kulala, alikuwa mzee mnene mwenye kofia ya kiua. Dastani alikuwa kijana hata ndevu hazijatimia. Modestus alikuwa mtu mdogo, nadhifu, kalamu tatu mfukoni. Akainuka, akanijia mimi moja kwa moja, uso umekunjamana.

"Ndugu Albina," akaniambia, "karibu."

"Albina ni yule," nikasema. "Mimi ni Marselina." Amiri akakohoa kuficha kicheko. Nadhani sura yangu ndiyo ilifanana na lile jibu.

Tukakaa. Modestus akasoma mashtaka kutoka kwenye karatasi. Albina alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, hakuinua hata ukope. Kisha akauliza, "Ndugu Mwenyekiti, nikuulize kitu kimoja. Uliposema uji wangu hauna unga, ulikuwa unanitania au unanitukana?"

"Sikutania wala sikutukana. Nilikuwa nahakiki."

"Basi na mimi nilikuhakiki."

Dastani akapasuka. Amiri akajifuta machozi kwa kofia. Modestus akagonga meza, lakini Albina alikuwa bado hajamaliza, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Mtani haombwi radhi. Ukimwomba radhi umeua utani. Nikisema leo nisamehe, nimekubali kwamba yalikuwa matusi, na kama ni matusi wewe ndiye uliyeanza, kwa hiyo utangulie kuniomba mimi, nami nitakufuata. Kama ni utani, hapa hakuna kesi, kuna kuku wangu. Chagua, mimi nimekaa."

Modestus akaikunja karatasi yake ya mashtaka. Mwishowe akasema, suala la radhi tuliache, tuje kwenye mwisho wa hadithi. Akasema kijitabu ni cha watu wanaojifunza kusoma, wasivunjwe moyo. Mwanamke wa hadithi afike, akute nyumba imejengwa, atundike mlango wake, watu wapige vigelegele.

"Anayetaka nyumba iwe imejengwa," Albina akasema, "aje aijenge."

"Si mimi peke yangu. Hata Mwalimu Marselina, mtu wako mwenyewe, ameandika kwamba mwisho ufikiriwe tena. Au sivyo, Mwalimu?"

Wote wakanigeukia. Hapa ndipo ningepaswa kusema, nilikosea, nilikuwa mwoga. Nikasema, "Niliandika unasikitisha... sikusema kwamba..." nikayatafuna maneno mpaka yakaisha. Albina hakunitazama. Afadhali angenitukana.

Waliomtetea ni wale wanaume wawili ambao hawakuwahi kumwona kabla ya siku ile. Amiri alisema yeye alikuwa karani wakati wa operesheni, aliziona familia kwenye mvua kwa macho yake, na kama hadithi inabadilishwa basi na ya kwake itolewe. Dastani akasema na ya kwake. Modestus akaona kijitabu kinamfia mkononi. Akasema haya, mwisho ubaki ulivyo. Akampa Albina mkono mbele yetu sote, na Albina akaupokea kwa mikono miwili, kwa heshima, akamwambia, "Kuku nakusamehe."

Vijitabu vilikuja mwezi wa kumi na mbili. Kumi na viwili kwa ajili ya kabati letu, jalada la kijani, bado vina harufu ya wino wa mashine. Niliwagawia wanakisomo, nikamwomba bibi Mwanakheri asome kwa sauti, maana alikuwa na miaka sitini na kitu na hakuna aliyejivunia kusoma kumzidi. Alisoma jina la Albina na darasa zima likapiga makofi. Alisoma lori, alisoma mlango wa mninga. Kina mama walitikisa vichwa, mmoja akasema "mbona huyo ni mimi." Albina alikuwa amesimama mlangoni na upawa wake, anajifanya kapita tu.

Bibi Mwanakheri akafungua ukurasa wa mwisho. "'A-ka-ku-ta nyumba i-me-je-ngwa,'" akasoma. "'A-ka-tu-ndi-ka mlango wake, na wanakijiji waka...'" Akavua miwani. Akaifuta, akaivaa, akasoma tena kimoyomoyo huku midomo ikicheza. Halafu akageuka kumtazama Albina.

"Mama Dorotea," akasema, "wewe si tulikuwa wote kwenye lile tope? Nyumba hiyo ilikuwa wapi?"

Sijawahi kuona mtu akiaibishwa namna ile, na jina lake limeandikwa juu ya uongo ambao hakuusema, mbele ya watu waliojua. Alikuja mbele, akachukua kijitabu, akausoma ukurasa ule mwenyewe. Nilidhani atalia. Akanigeukia mimi.

"Mwalimu, nipe kalamu yako. Ile nyekundu. Na rula."

Nikampa. Siku hiyo sikutafuna maneno. Alipiga mistari juu ya aya ya mwisho, imenyooka, polepole, kijitabu baada ya kijitabu. Kisha akaandika mwisho wake kwenye vipande vya karatasi, mara kumi na mbili, na kuvibandika kwa uji wa muhogo aliopika mzito makusudi. Mimi nilikata karatasi. Kina mama walipepea ili gundi ikauke. Mpaka jua linaelekea kuzama Nandagala hapakuwa na kijitabu kimoja chenye ile nyumba.

Halafu likizo ikaanza, na Albina akaanza safari. Alikwenda Ruangwa kwa lori, Amiri akampeleka kwenye kabati la pale na kumshikia rula. Alikwenda Namungo kwa miguu. Alimwandikia Dastani, na Dastani akavirekebisha vya Mkotokuyana kwa mkono wake wa daktari usiosomeka, ikabidi Albina aende kuvirudia. Kila alipofika alisema, "Mimi ndiye mwandishi, nimekuja kutengeneza kitabu changu," na watu walimfungulia kabati. Katika mia mbili alifikia sabini na moja.

Mwezi wa kwanza akaitwa ofisi ya kijiji. Alikuwepo mkubwa mmoja kutoka juu, mwenye suti ya Kaunda, na Modestus kando yake, amekonda.

"Ni nani aliyeharibu vitabu hivi vya umma?" mkubwa akauliza.

"Aliyeviharibu umekaa naye," Albina akajibu. "Mimi nimevitengeneza."

Modestus alijitetea, na nitakuwa mwongo nikisema sikumwonea huruma hata chembe. Alisema alipochapa stensili aliwaza wanawe wanne, akawaza mtu atakayesoma na kuuliza nani aliyeruhusu haya. "Wewe una mwiko, Ndugu Albina," akasema. "Mimi nina cheo. Cheo kinanyang'anywa."

"Ungeniambia unaogopa," Albina akamjibu. "Ningeitoa hadithi yangu nikaondoka nayo, na wewe ukabaki na cheo chako. Ulinipa mkono."

Uamuzi ukatoka. Albina asimamishwe kazi ya jikoni. Jumatatu ijayo mkubwa atarudi na gunia, vile vijitabu kumi na viwili vikusanywe vyote vikateketezwe. Mtunza maktaba, ambaye ni mimi, nihakikishe. Albina akiwa mlangoni akageuka na kusema kazi mchukue, hadithi nimeshaiandika. (Kazi yenyewe walimrudishia baada ya miezi minne, maana aliyewekwa badala yake aliunguza uji kila Alhamisi, na watoto waligoma.)

Jumatatu mkubwa akaja na gunia. Nikafungua kabati. Pamba ilikuwepo, choo kilikuwepo, lishe ilikuwepo. Cha kijani hakikuwepo hata kimoja. Nikamtolea rejista ya waazimaji, majina kumi na mawili ya wanawake, akaagiza waitwe. Wakaja, wakapanga mstari.

Wa kwanza alisema chake kimeliwa na mchwa. Wa pili alisema mbuzi. Wa tatu alisema alikiacha shambani akanyeshewa, na akaongeza kwa upole kwamba huku mvua ni nyingi. Mkubwa akafika kwa bibi Mwanakheri, akamuuliza na yeye chake kiko wapi, na bibi akamjibu kwa Kimwera kirefu cha ndani sana, mimi mwenyewe niliambulia nusu. Mkubwa hakuambulia kitu.

Akanigeukia. "Mwalimu, wewe ni mtumishi. Hawa unawaamini?"

Mimi mpaka siku ile nilikuwa sijawahi kudanganya katika rejista ya shule, tangu nianze kazi. Nilichukua kalamu, nikaandika mbele ya kila jina: kimepotea. Mara kumi na mbili, mbele yake, bila haraka, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. Nikatia sahihi, nikapiga mhuri. Nikamwambia, "Nawaamini. Unaweza kwenda na rejista ukipenda."

Alikunja gunia lake tupu. Alikuwa anatoka darasani tulipoisikia sauti kutoka kwenye baraza la shule, sauti ya kikongwe anayesoma kwa kuokota silabi moja moja. Bibi Mwanakheri alikuwa ameshajipenyeza nje, amekaa chini, miwani puani, kitu cha kijani wazi kwenye magoti. "'Ha-pa-ku-wa na nyu-mba,'" alikuwa anasoma.

Mkubwa akasimama. Bibi akamwona, akakishika kijitabu kifuani. Albina alikuwa amekaa karibu yake anachambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Endelea, bibi," akasema. "Soma kwa sauti, mgeni hajasikia vizuri."